Kisanduku kimoja, maikrofoni mbili: kisa cha mwalimu wa Ngamiani aliyetafuta kiolesura cha sauti

Mwalimu aliyenifundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne amestaafu na kurudi kwao Ngamiani, mjini Tanga, na mwaka jana alinipigia simu akiwa na shida ambayo mwanzoni niliiona ndogo. Alikuwa akirekodi tenzi anazozisoma mwenyewe, kwa ajili ya wajukuu wake na kwa wanafunzi wa shule aliyoiacha, na kila alipozisikiliza alikuta nyuma ya sauti yake kuna mchirizo wa kelele kama wa mafuta yanayokaangwa chumba cha pili. Baada ya shikamoo na marahaba alinieleza hivi: "Mwanangu, hiki kisanduku ni hodari wa kupiga makofi na vicheko, lakini beti zangu kinazikaanga." Alikuwa ametenga shilingi 450,000, fedha za kiinua mgongo, na aliniambia mapema kwamba hazitaongezeka hata senti.

Mimi ni fundi wa sauti, na swali la kununua kiolesura cha bei nafuu ninaulizwa karibu kila wiki. Kiolesura cha sauti ni kisanduku kinachopokea umeme mdogo mno kutoka kwenye maikrofoni, kikaukuza, kikaugeuza kuwa tarakimu na kuzipeleka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kisha kikarudisha sauti kwenye hedifoni za msomaji. Madukani hukiita saundikadi, na jina hilo ndilo lililomponza mwalimu, kwa kuwa hutumika vilevile kwa visanduku vya matangazo ya mubashara, vyenye vitufe vya vicheko, makofi na milio ya ving'ora, ambavyo vilibuniwa kwa kazi nyingine kabisa.

Nilimwomba asinunue chochote mpaka nifike. Nilimkuta na seti aliyouziwa kama "studio kamili": maikrofoni ya kondensa (aina inayohitaji kulishwa umeme ili ifanye kazi), mkono wa chuma unaobanwa mezani, sponji, kisanduku chenye vitufe, na waya ambao upande mmoja una kichwa cha XLR, kile cha mviringo chenye pini tatu, na upande wa pili jeki ndogo ya milimita 3.5, ya ukubwa ule ule wa jeki ya hedifoni za simu. Kompyuta yake ni laptopu ya Windows yenye RAM ya gigabaiti 4. Chumba anachorekodia kina upana wa futi kumi na urefu wa futi kumi na mbili, kinaezekwa kwa bati lenye dari ya mbao chini yake, na ndani mna kitanda, kabati la nguo na feni ya juu. Sebuleni, nyuma ya ukuta ule ule, pana friji.

Kabla ya kutaja jina la kifaa chochote nilimwomba anyamaze sekunde thelathini huku tukirekodi, kisha asome beti tano. Katika kipimo cha programu, ambapo sifuri ndiyo dari na namba zote zilizo chini yake ni hasi, wastani wa sauti yake ulikaa kwenye desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) -24, vilele vikigusa -12, na kelele ya ukimya ilikaa kwenye -40. Tofauti ya desibeli 16 kati ya msomaji na kelele inavumilika katika ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Katika utenzi haivumiliki, kwa sababu ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nanenane, na msomaji mzuri hupumzika kidogo mwishoni mwa kila kipande. Sauti inapokuwapo kelele hujificha chini yake. Inapokatika, hata kwa nusu sekunde, kelele hujitokeza, ikazama tena kipande kinachofuata kinapoanza. Msikilizaji husikia bahari ikija na kuondoka mara nne kila ubeti, na baada ya beti ishirini hamsikilizi tena msomaji.

Kisanduku kilikuwa na kitufe cha kupunguza kelele. Tulikibonyeza, na kweli ukimya ukawa mtulivu, ila sasa vokali za mwisho wa vipande zilianza kumezwa, kwa kuwa kifaa hakiwezi kutofautisha sauti inayofifia na kelele. Kwa mtu anayesimulia habari za mpira hilo si kitu. Kwa mwalimu lilikuwa ni kuibiwa mchana kweupe, maana vokali ya mwisho ndiyo yenye kina. Juu ya hayo kulikuwa na mwangwi wa kubuni ambao haukuisha hata kirungu chake kilipozungushwa hadi sifuri. Hapo nikajua kwamba kisanduku kile hakitengenezeki kwa kubadilisha mipangilio, lakini sikujua bado kama maikrofoni nayo ilikuwa na makosa, na nilikataa kuihukumu kabla sijaijaribu kwenye kifaa kingine.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Katika mazungumzo ya simu mwalimu aliniambia kwamba yeye "anasoma tu", nami nikawa tayari nimeamua kumnunulia Focusrite Scarlett Solo ya kizazi cha 3, kifaa kidogo, safi, chenye geini, yaani uwezo wa kukuza, ya desibeli 56, kinachomtosha mtu mmoja mwenye maikrofoni moja. Tulipokuwa tukinywa chai alifika mpwa wake na udi begani. Ndipo nikafahamishwa kwamba tenzi mbili kati ya tatu husomwa huku kijana akipiga udi taratibu chini ya sauti, wote wawili kwa wakati mmoja, kwa kuwa mwalimu hufuata mkono wa mpwa wake na mpwa hufuata pumzi ya shangazi. Niliuliza kama ule udi umefungwa kinasa sauti cha ndani chenye jeki. Haukufungwa. Maana yake ni kwamba zilihitajika maikrofoni mbili kwa mpigo, na Scarlett Solo ikawa imeondoka mezani kabla chai haijapoa.

Mtego huu umewanasa wengi na unastahili kuelezwa kwa kirefu. Kwenye boksi la Solo imeandikwa kwamba ina njia mbili za kuingiza sauti, na kwenye boksi la Behringer UMC22, ambayo ni ya bei ya chini zaidi, imeandikwa "2x2". Maandishi hayo ni ya kweli, lakini njia hizo mbili hazilingani: moja ina priampu, yaani kikuza umeme cha maikrofoni, na ya pili ni ya gitaa la umeme au kinanda. Ukichomeka maikrofoni kwenye njia hiyo ya pili kwa waya wa kuunga-unga, utapata sauti nyembamba iliyozama, kwa sababu hakuna priampu ya kuikuza maikrofoni wala umeme wa volti 48 unaoilisha kondensa. Namba ya njia haitoshi basi. Hesabu matundu yanayopokea XLR. Scarlett 2i2 ina mawili, Behringer UMC202HD ina mawili, Solo na UMC22 zina moja moja. Mnunuzi akishafahamu hivyo, orodha ya vifaa ishirini hubaki na vinne au vitano, na mabishano mengi ya vijana kuhusu ipi ina "sauti tamu" hukosa mahali pa kusimama.

Swali la pili lilikuwa geini, na hapa niliona afadhali kupiga hesabu kuliko kusikiliza sifa. Mwalimu husoma kwa sauti ya chini. Nikikadiria kwamba sauti yake ikipimwa sentimita 15 kutoka mdomoni ina nguvu ya desibeli 74 (hiki ni kipimo cha sauti hewani, si kile cha programu), maikrofoni ya dainamiki, isiyohitaji kulishwa umeme, ya aina ya Shure SM58, ambayo kwa takwimu za mtengenezaji wake hutoa takriban milivolti 1.85 kwenye sauti ya desibeli 94, itampa milivolti 0.185 tu. Kiolesura chenye geini ya desibeli 56 huzidisha umeme huo mara zaidi ya mia sita, na hapo unapata ujazo unaofaa kufanyiwa kazi, ingawa kirungu kitakuwa karibu na mwisho wake. Maikrofoni ya kondensa kama Audio-Technica AT2020 hutoa milivolti 14.1 kwenye sauti ile ile ya desibeli 94, karibu mara nane, kwa hiyo kirungu hubaki katikati. Kwa upande mwingine, Shure SM7B, ambayo vijana wa podikasti wanaitamani kwa kuiona kwenye video, hutoa milivolti 1.12 tu, na ndiyo sababu wanaoinunua huambiwa watafute geini safi ya desibeli 60 hivi. Anayetumia akiba yake yote kwa maikrofoni hiyo na kuichomeka kwenye kiolesura dhaifu hujikuta amenunua ukimya.

Watu wengi wakisikia habari hizi huamini kwamba kiolesura cha bei kubwa kitawaondolea kelele. Mimi nilikuwa na sababu za kutoamini hivyo, na nilitaka mwalimu azione kwa macho yake. Upinzani wowote wa umeme hutoa kelele yake wenyewe kwa sababu ya joto tu, na kwa maikrofoni ya omu 150 kelele hiyo, katika upana wa masafa tunayosikia, ni takriban desibeli -131 kwa kipimo cha dBu, kinachopima umeme wa vifaa vya sauti. Hakuna mtengenezaji, awe wa bei gani, anayeweza kushuka chini ya hapo. Violesura vya bei ya kawaida hutangaza -127 au -128. Kwa kelele ya priampu pekee, basi, mwenye milioni tatu na mwenye laki tatu wametengana kwa desibeli tatu au nne, tofauti ambayo msomaji akisogea nusu ya umbali kuelekea maikrofoni huifuta na kubakiwa na ziada, maana kila ukipunguza umbali kwa nusu sauti yako huongezeka kwa desibeli 6.

Kwa mwanafunzi au mstaafu hilo ni jambo la kushukuriwa, lakini lina upande wake wa pili. Kelele inapobaki baada ya kununua kifaa cha heshima, mara nyingi haitoki kwenye kifaa.

Tulikwenda Dar es Salaam pamoja, kwa kuwa mwalimu alikuwa na safari zake za mafao, na tukazunguka Kariakoo asubuhi nzima. Scarlett 2i2 mpya ilivuka bajeti kwa bei zote tulizotajiwa. Tulioneshwa 2i2 iliyotumika, ya kizazi cha 2, kwa bei ya kuvutia, na kwa vile nilibeba laptopu, hedifoni na maikrofoni ya kondensa ninayoifahamu, niliomba kuijaribu pale pale kaunta. Tundu la USB lilikuwa limelegea kiasi kwamba waya ukiguswa taa huzima. Nilipozungusha kirungu cha njia ya pili polepole nilisikia mkwaruzo, dalili ya kirungu kilicholiwa na vumbi au unyevu. Kirungu husafishika, tundu lililolegea juu ya bodi ni kazi ya kuchomelea upya, na si kila fundi utamwamini nayo. Tuliiacha. Sikatai vya mtumba, hata kidogo, ila anayekwenda kununua bila maikrofoni na kompyuta mkononi ni afadhali alipe zaidi apate kipya.

Muuzaji mwingine, kijana mchangamfu, alimshikilia mwalimu kwa hoja ya kilohezi 192, yaani kifaa kuchukua sampuli (vipimo) 192,000 za sauti kila sekunde. Nilimwacha amalize, kisha nikamuuliza mwalimu hesabu ya darasa la saba. Sauti ya njia mbili kwa biti 24, yaani ukubwa wa namba inayoandika kila sampuli, na sampuli 192,000 kwa sekunde hula takriban megabaiti 69 kila dakika, yaani zaidi ya gigabaiti 4 kwa saa. Kwa sampuli 48,000 hula megabaiti 17, gigabaiti moja na kidogo kwa saa. Sampuli 48,000 hunasa masafa hadi kilohezi 24, ilhali sikio la kijana mwenye afya huishia kilohezi 20, na la mstaafu huishia chini zaidi. Namba ya 192 haina ubaya, ila haimfanyii mwalimu kazi yoyote isipokuwa kumjazia diski. Biti 24 ndizo nilizozitaka, kwa sababu humruhusu msomaji kurekodi kwa ujazo wa chini, vilele vikiwa -12 au hata -18, bila kuogopa kwamba mtetemo wa ghafla wa sauti utagonga dari na kupasuka.

Tukanunua Behringer UMC202HD mpya. Ina matundu mawili ya XLR yanayopokea pia jeki kubwa, hufanya kazi kwa biti 24, hupata umeme wake kwenye waya wa USB bila adapta, na ina kitufe cha kumwezesha msomaji kujisikiliza moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku. Ina swichi moja tu ya volti 48 kwa njia zote mbili, na jambo hilo lilimtia mwalimu wasiwasi kwa sababu mpango wetu ulikuwa kuitumia kondensa yake ya zamani kwa udi na kununua dainamiki kwa sauti. Je, volti 48 hazitaiunguza dainamiki? Haziiunguzi, mradi waya uwe wa XLR pande zote mbili na uwe mzima. Umeme huo hupita sawasawa kwenye nyaya mbili za ishara, na dainamiki, ambayo koili yake imeunganishwa kati ya nyaya hizo mbili, haioni tofauti yoyote ya volti kati yake, hivyo hakuna umeme unaopita. Njia hii ilianza mwaka 1966, pale kampuni ya Neumann ilipowatengenezea watangazaji wa Norway maikrofoni, na volti 48 zilichaguliwa kwa kuwa studio zao tayari zilikuwa na umeme wa kiasi hicho kwa ajili ya taa za dharura. Nawapenda mafundi wa namna hiyo, waliotazama kilichopo ukutani kabla ya kubuni kipya.

Hesabu ilikuwa hivi: kiolesura shilingi 270,000 baada ya kuombana sana; maikrofoni ya dainamiki isiyo na jina kubwa, iliyojaribiwa kaunta, 95,000; nyaya mbili za XLR 30,000; stendi ya sakafuni 35,000. Zikabaki 20,000, na mwalimu alitaka kuzinunulia sponji za ukutani, zile za mraba zenye meno. Nilimzuia, kwa sababu sponji nyembamba hunyonya masafa ya juu tu na kukiacha chumba kikivuma kama pipa, ilhali nyumbani ana godoro la inchi sita na kabati lililojaa kanga na mashuka.

Tuliporudi Tanga nilianza kwa kujibu swali nililoliacha wazi, la maikrofoni ya kondensa. Niliichomeka kwenye kiolesura kipya kwa waya wa XLR, nikawasha volti 48, na ikaimba vizuri kuliko nilivyotarajia. Sauti yake ni kali kidogo kwenye "s" na "sh", lakini ile kelele ya kukaanga ilipungua mno. Maikrofoni, basi, haikuwa na hatia kubwa. Kosa lilikuwa la kisanduku na la ule waya wa jeki ndogo ulioilisha umeme hafifu. Laiti ningeihukumu mapema, mwalimu angeitupa maikrofoni na kukosa ya udi.

Kisha ukaja mvumo mzito, "mmmm" usiokoma, wa hezi 50, masafa ya umeme wa ukutani, na jamaa zake, ambao haukuwapo Kariakoo. Kwa robo saa nzima nililaumu kiolesura, na nilishaanza kutafuta risiti. Mpwa wake ndiye aliyechomoa chaja ya laptopu ili achaji simu yake, na mvumo ukakatika hapo hapo. Chaja ile ya pini tatu ilikuwa imechomekwa kupitia adapta ya pini mbili, hivyo haikuwa na waya wa ardhi, na uchafu wa umeme wake ulikuwa ukitafuta njia kupitia USB. Tuliondoa adapta, tukatumia soketi ya pini tatu iliyo upande wa dirisha, na mvumo ukapungua kiasi cha kutosikika. Hata hivyo nilimwagiza mwalimu arekodi kwa betri kila inapowezekana, kwa kuwa sina hakika na waya wa ardhi wa nyumba yenyewe.

Hapo ndipo nilipofanya lile jaribio nililomwahidi. Nilichukua kichwa cha XLR kisicho na waya, nikachomelea rezista ya omu 150 kati ya pini ya 2 na ya 3, nikakichomeka mahali pa maikrofoni huku kirungu kikiwa pale pale kinapofaa kwa dainamiki na sauti ya mwalimu. Kwa rezista hiyo kiolesura hakisikii chumba, kinajisikia chenyewe. Kipimo kilionesha wastani wa -79. Nikarudisha maikrofoni ya dainamiki, feni ikizunguka: -50. Tukazima feni na kuchomoa friji: -58. Mwalimu alivaa miwani, akazitazama namba hizo kwa muda, kisha akasema, "Kwa hiyo anayenikaangia beti sasa ni feni yangu mwenyewe." Ndivyo ilivyokuwa. Priampu ya laki mbili na sabini ilikuwa tulivu kuliko chumba kwa zaidi ya desibeli 20, na hata angenunuliwa kifaa cha milioni tatu ukimya wa rekodi yake ungebaki kwenye -58 ile ile, hadi chumba kishughulikiwe.

Tukakishughulikia. Godoro lilisimamishwa nyuma ya kiti chake, mlango wa kabati ukafunguliwa mbele yake ili nguo zinyonye sauti badala ya ukuta kuirudisha, na maikrofoni ya dainamiki ikasogezwa hadi sentimita 8 kutoka mdomoni, ikiwa imeinamishwa kidogo pembeni ili herufi "p" na "b" zisiipulize. Kusogea huko kutoka sentimita 15 kulimpa zaidi ya desibeli 5 bila gharama. Wengi husema kwamba kondensa huokota kelele za chumba na dainamiki haiokoti. Ukweli ni kwamba kondensa hutoa umeme mwingi zaidi kwa kila kitu, sauti na kelele kwa pamoja, na uwiano wao haubadiliki kwa hilo. Dainamiki hupata sifa yake zaidi kwa sababu watu huisogelea.

Udi ulihitaji uvumilivu zaidi. Kondensa ilikaa sentimita 30 kutoka kwenye mbao, ikielekea pale shingo inapokutana na tumbo la chombo, na maikrofoni mbili zikatenganishwa kwa karibu mita moja, kwa kufuata kanuni ya mafundi kwamba umbali kati ya maikrofoni mbili usipungue mara tatu ya umbali wa kila moja na chanzo chake. Mwalimu aligeuzwa ili mgongo wa dainamiki uelekee udi, kwa kuwa maikrofoni ya aina hiyo ni nzito wa kusikia upande wa nyuma. Hata hivyo udi uliendelea kuvuja kidogo kwenye njia ya sauti, na niliuacha uvuje. Katika chumba cha futi kumi hakuna kanuni inayoutoa wote, na uvujaji kidogo ndio unaomfanya msikilizaji ahisi kwamba wawili hao wamekaa chumba kimoja, jambo ambalo ni la kweli.

Siku mbili baadaye mwalimu alipiga simu akiamini kwamba hedifoni zimekufa sikio moja. Alikuwa akirekodi peke yake katika programu ya bure ya Audacity, na wimbo, yaani mstari wa rekodi kwenye skrini, ulifunguliwa kwa njia mbili, kushoto na kulia. Maikrofoni yake, iliyochomekwa tundu la kwanza, ikawa inasikika kushoto tu. Nilimwelekeza achague njia moja anaposoma peke yake. Anaposoma na mpwa wake, ule "ubovu" ndio hasa tunaoutaka: sauti huingia kushoto, udi kulia, na wimbo ukishamalizika hupasuliwa kuwa nyimbo mbili zinazoweza kuongezwa au kupunguzwa kila moja peke yake.

Kuchelewa kwa sauti, ambako vijana wa midundo hukujadili usiku kucha, kulimgusa mara moja tu. Mpwa alikuwa ameiruhusu programu irudishe sauti kwenye hedifoni, na mwalimu akawa anajisikia mara mbili kama mtu anayesoma kisimani. Bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia, ikiwa ya sampuli 1,024 kwa kilohezi 48 huchelewesha milisekunde 21, na sauti inapokwenda na kurudi ni milisekunde 43 hivi, sawa na kumsikiliza mtu aliye umbali wa mita 14 hadi 15. Tulizima urejeshaji wa programu, tukabakiza kile kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, na habari ikaishia hapo. Angekuwa anapiga kinanda cha MIDI, kinachotuma amri za noti badala ya sauti, kupitia kompyuta, ningepima kwanza dreva, ile programu inayounganisha kifaa na kompyuta, na pengine tungenunua kifaa kingine, maana UMC202HD haina hata tundu la MIDI.

Hivi sasa hurekodi baada ya sala ya isha, pikipiki zinapopungua mtaani, laptopu ikiwa kwenye betri, feni imezimwa na plagi ya friji imechomolewa. Kwenye rekodi za mwisho alizonitumia ukimya umeshuka hadi -62 huku wastani wa sauti yake ukiwa palepale kwenye -24, na pumzi yake mwishoni mwa kipande inasikika wazi kabla ya kipigio cha udi kugusa uzi. Wiki ya kwanza alilala bila kurudisha plagi, na samaki aina ya changu wa siku mbili wakaharibika. Tangu hapo kila anapoichomoa huweka funguo za mlango wa mbele ndani ya friji, juu ya jagi la maji, na asubuhi hawezi kutoka nyumbani kabla hajaifungua.